Tulizima klasta kwa mpangilio, hifadhi ikawa ya mwisho. Mbona mashine pepe mbili zimeamka na kasoro?

#1 Mlinzi wa Raki (Njiro, Arusha)

Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane kufikiri, kwa sababu hii ni siku ya nne nalala na swali hili.

Taasisi ninayoitumikia ina klasta ndogo, yaani seva zinazofanya kazi kama kundi moja: seva tatu zenye ESXi (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), vCenter (programu ya kuisimamia klasta) iliyomo ndani ya klasta hiyohiyo, na hifadhi moja ya pamoja yenye vidhibiti viwili, iliyounganishwa kwa iSCSI (njia ya kufikia diski kupitia mtandao) kupitia swichi mbili. Mashine pepe ni 26. Tulitangaziwa kuwa Jumapili umeme ungekatwa kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa ajili ya matengenezo ya laini. UPS yetu (betri za dharura) inabeba raki, yaani kabati la seva, kwa dakika 25 hivi na jenereta liko kwa fundi, kwa hiyo tuliamua kuzima kila kitu Jumamosi usiku.

Nilianza na programu za watumiaji, nikafuata hifadhidata, kisha mashine zilizobaki, vCenter ikawa ya mwisho kati ya mashine pepe. Baada ya hapo nilizima seva tatu, nikazima hifadhi, nikamalizia na swichi. Jumapili jioni niliwasha kwa mpangilio wa kinyume. Seva ya pili haikuiona diski moja ya pamoja hadi nilipoiamuru ikague upya. Hifadhidata ya uhasibu, ambayo ni PostgreSQL, ilisema haikuzimwa vizuri, ikajirekebisha yenyewe, lakini faharasa moja (orodha iliyopangwa ya kutafutia data haraka) imekutwa imeharibika. Seva ya mafaili, ambayo ni Linux, ilikaa vizuri kwa dakika 20 hivi, halafu ikaigeuza diski yake kuwa ya kusoma tu.

Kama mpangilio ulikuwa sahihi, kosa liko wapi?

#2 Kaskazini Tek

Mkuu, tatizo ni HA. Klasta ikiona mashine pepe imezimika, huiwasha kwenye seva nyingine. Wewe unazima huku, yenyewe inawasha kule. Hifadhidata yako iliwashwa nyuma ya mgongo wako, ikawa hai wakati unaikata hifadhi. Siku nyingine zima HA kwanza.

#3 Bibi Seva (Moshi)

Kaskazini, hapo umechanganya. HA ya vSphere (jina la jumla la ESXi na vCenter) huinua mashine iliyoanguka pamoja na seva yake. Haigusi mashine ambayo msimamizi ameizima kwa amri. Kuifunga HA kabla ya kazi kama hii ni tahadhari nzuri, nami huifanya, lakini haielezi kilichompata mwenzetu.

Zinazojiwasha zenyewe ni zile mashine ndogo za vCLS (za huduma za klasta yenyewe), zilizoingia na vSphere 7.0 Update 1 mwaka 2020. Ukizizima wakati vCenter iko hai, vCenter huziwasha tena, na watu wengi huzunguka nazo nusu saa wakidhani wamerogwa. Njia ni mbili: ama uiambie klasta iziondoe kabla hujaanza, ama usubiri vCenter izimwe, kisha uingie kwenye kila seva moja kwa moja na kuzizima hukohuko.

Mlinzi, nina maswali mawili. Je, uliziamuru mashine zizime mfumo endeshi wake kwa adabu, au kuna uliyoikata kama mtu anayeng'oa plagi? Na je, zote zina VMware Tools, zile programu ndogo zinazowekwa ndani ya mashine pepe? Bila hizo, amri ya adabu haifiki ndani.

#4 Mangi wa Kiborloni

Shikamoo Bibi Seva. Niongeze upande wa Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe, ambako maneno ya Kaskazini yana nusu ya ukweli. Huko, mashine iliyowekwa chini ya HA ukiizima kutoka ndani yake, kwa mfano ukiingia Linux na kuandika amri ya kuzima, msimamizi wa HA huona hali iliyotakiwa ni kuwaka, kwa hiyo huiwasha tena. Ukiizima kutoka kwenye kiolesura cha Proxmox chenyewe, hali inayotakiwa hubadilishwa kuwa kuzimwa, na hapo hutulia.

Mimi niliwahi kuzima nodi (seva za klasta) tatu moja baada ya nyingine bila kuziondoa huduma kwenye HA. Ya kwanza ilizima vizuri. Nilipozima ya pili, ya tatu ikabaki peke yake bila akidi, kwa maana nodi tatu zinahitaji angalau mbili, ikangoja kama dakika moja, kisha ikajiwasha upya yenyewe kwa kudhani imetengwa na wenzake. Nilisimama mbele ya raki nikiitazama inazima na kuwaka huku bosi akinipigia simu kuuliza kama tumemaliza.

#5 Bibi Seva

Marahaba, Mangi. Hiyo ya akidi ni kweli kabisa, ila mwenzetu hatumii Proxmox. Tusimwekee mwiba mwingine kabla hatujautoa wa kwanza.

#6 Mlinzi wa Raki

Asante, Bibi. Mashine 25 zina VMware Tools na zote niliziamuru kwa adabu. Isiyo nazo ni moja tu, ile seva ya mafaili, ambayo niliizima kwa kuingia ndani yake. Hakuna niliyoikata.

#7 Dada wa Sakina

Kaka Mlinzi, neno «niliamuru» na neno «zilizima» hayafanani. Kwenye Linux yenye systemd (msimamizi wa huduma), huduma isiyowekewa muda wake hupewa sekunde 90 za kufunga, zikiisha huuawa kwa nguvu. Kuna Windows ambazo huamua kusakinisha masasisho wakati huohuo unapozima, zikakaa hata robo saa. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu aliyewahi kujidanganya mwenyewe: ulijuaje kwamba hifadhidata imezima? Na kati ya kuamuru seva ya pili izime na kubonyeza kitufe cha hifadhi, ulisubiri muda gani?

#8 Mlinzi wa Raki

Dada, swali lako limenigusa pabaya, na ni afadhali niseme ukweli wote.

Kwenye orodha, mashine ya uhasibu ilionyesha alama ya kuzimwa. Sina hakika kama ukurasa ulikuwa umejisasisha. Halafu seva ya pili ilikaa kwenye skrini ya kuzima kwa dakika 11, maandishi yakiwa hayasogei. Mlinzi wa geti alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuuliza kama afunge. Nikaamini imekwama, nikaishikilia kitufe hadi ikazima, ndipo nikaenda kwenye hifadhi. Kwa hiyo hifadhi ilikuwa ya mwisho kweli. Angalau mikono yangu ndivyo inavyokumbuka.

#9 Mzee Kebo

Ha! Post ya kwanza ulituambia «kwa mpangilio», ya nane ndiyo unatuletea dakika 11 na kitufe kilichoshikiliwa. Tukifika ya ishirini utatuambia kulikuwa na moto.

Mimi nasema ni kache ya hifadhi. Kidhibiti hupokea data kwenye RAM yake, humjibu mwandishi kwamba imeandikwa, kisha huishusha kwenye diski kwa wakati wake. Ikiwa betri ya kache imekufa na umekata umeme wa hifadhi, kilichokuwa kwenye RAM kimepotea, na PostgreSQL haina namna ya kujua kwamba ilidanganywa. Betri hizo hakuna anayezikumbuka.

#10 Bibi Seva

Mzee Kebo, kanuni umeisema vizuri, lakini vidhibiti vingi vya siku hizi vikiona betri imechoka hujiondoa kwenye kuandika kwa kache na kuanza kuandika moja kwa moja kwenye diski. Unachokiona ni hifadhi kuwa nzito, si data kupotea. Kinachobaki ni namna alivyoizima. Hifadhi ina amri yake ya kuzima ndani ya kiolesura chake, ambayo hushusha kache kwanza. Mlinzi, ulitumia amri hiyo au ulizima swichi za umeme nyuma ya raki?

#11 Mlinzi wa Raki

Nilitumia amri ya hifadhi, nikasubiri taa za vidhibiti vyote viwili zizime, ndipo nikazima umeme. Ripoti yake inasema betri zote mbili ni nzima.

Nimekwenda kwenye kumbukumbu za matukio. Hifadhi inasema ilipokea amri ya kuzima saa 5:38 usiku. Mstari wa mwisho wa seva ya pili ni wa saa 5:41 usiku. Nikisoma hivyo, seva ilikuwa bado hai dakika tatu baada ya hifadhi kuagizwa kuzima, na mimi nina uhakika niliigusa hifadhi baadaye. Sasa siamini hata mikono yangu.

#12 Kaskazini Tek

Umekumbuka kwamba ESXi huandika kwa UTC? Hapa kwetu tuko saa tatu mbele.

#13 Mlinzi wa Raki

Nilikwisha ongeza saa tatu. Kwenye faili imeandikwa 20:41.

#14 Dada wa Sakina

Basi ni saa za vifaa. Seva zako zinafuata seva ya muda, ile inayotoa saa sahihi, lakini hifadhi je? Nimekutana na hifadhi nyingi zilizowekwa saa kwa mkono siku ya kufungwa, zikaachwa hivyo miaka. Pima sasa hivi tofauti ya saa ya hifadhi na ya seva, kisha uirekebishe ile 5:38.

#15 Mlinzi wa Raki

Nimeangalia. Tofauti ni sifuri.

Lakini kuna jambo. Jumatatu asubuhi alikuja fundi wa waliotuuzia vifaa kutusaidia na ile diski iliyokuwa haionekani. Kwenye karatasi yake ya kazi ameandika, pamoja na mengine, «nimeunganisha hifadhi na seva ya muda». Hakuandika ilikuwa imekosea kwa kiasi gani wala kwa upande gani.

#16 Mzee Kebo

Amefagia uwanja kabla wasoma nyayo hawajafika!

#17 Mangi wa Kiborloni

Nimecheka, lakini si jambo la kuchekesha.

#18 Dada wa Sakina

Tusikate tamaa mapema. Mlinzi, kumbukumbu za seva ya pili huhifadhiwa wapi? Kwenye diski yake ya ndani au kwingine?

#19 Mlinzi wa Raki

Seva zinawaka kutoka kwenye kadi ndogo za SD, kwa hiyo kumbukumbu zilielekezwa kwenye diski ya pamoja.

#20 Dada wa Sakina

Hapo tumepata kitu, naomba mnifuate polepole. Mstari wa 5:41 umekutwa ndani ya diski ya pamoja. Diski ya pamoja haiwezi kuandikiwa ikiwa hifadhi imezimwa. Kwa hiyo, wakati saa ya seva ilipokuwa 5:41, hifadhi ilikuwa bado inapokea data, na kama kuzima kwake hakukuchukua dakika tatu nzima, saa yake ilikuwa inachelewa. Ile hofu kwamba kumbukumbu zinamkanusha Mlinzi imekwisha.

Lakini kimya kilichofuata baada ya 5:41 hakisemi chochote. Yawezekana seva ilinyamaza kwa sababu ilizimwa kwa kitufe. Yawezekana pia ilinyamaza kwa sababu hifadhi iliondoka, na seva ikakosa mahali pa kuandikia malalamiko yake. Kwa kawaida ESXi ikipoteza njia zote za hifadhi huanza kuhesabu sekunde 140 kabla ya kutangaza kwamba njia zimekufa, na tangazo hilo lingetusaidia sana, ila daftari la kuliandikia ndilo hilohilo lililokuwa limefungwa.

#21 Bibi Seva

Hapo umetoa somo, mwanangu. Ndiyo maana kumbukumbu za seva hutumwa kwenye kompyuta iliyo nje ya klasta, hata kama ni ile kuukuu ya mapokezi.

Nakubaliana na hoja yako, ila mimi naona tunaitazama hifadhi kupita kiasi. Kitufe kilichoshikiliwa kinatosha kueleza hifadhidata. Seva iliyokaa dakika 11 ilikuwa inasubiri kitu, na mimi ningeweka shilingi yangu kwamba ilikuwa inasubiri mashine ya uhasibu imalize kufunga. Alipoikata, PostgreSQL ilikatwa katikati ya kazi, ikaamka na kujirekebisha kutoka kwenye shajara yake (daftari la mabadiliko) kama ilivyoundwa kufanya. Hakuna muujiza.

#22 Pacha wa Meru

Bibi, kwa heshima, hapo ndipo panaponikwaza. PostgreSQL imejengwa kuvumilia kukatwa hivyo. Shajara huandikwa kwanza, kurasa za data hufuata, na ukurasa unaoguswa mara ya kwanza baada ya kituo cha ukaguzi (pale mabadiliko yote yanaposhushwa kwenye diski) huandikwa mzima ndani ya shajara ili nusu yake isipotee. Ikiwa betri za kache ni nzima, kama Mlinzi alivyosema, basi kukatwa kwa kitufe kungeleta ujumbe wa kujirekebisha na kuishia hapo. Kusingeharibu faharasa.

Mimi nauliza jambo la mbali kidogo. Ile faharasa ilikuwa ya safu ya namba au ya maneno? Na mfumo endeshi wa mashine hiyo ulisasishwa lini bila kuwashwa upya?

#23 Mlinzi wa Raki

Faharasa ni ya majina ya wadai, yaani maneno. Mfumo ulipandishwa toleo mwezi wa tano. Huduma ya hifadhidata haikuwahi kuwashwa upya tangu hapo, kwa sababu wahasibu hawakutaka kusimama.

#24 Pacha wa Meru

Basi nina maelezo yasiyohusu umeme hata kidogo. PostgreSQL, isipoelekezwa vingine, hutegemea glibc, maktaba ya msingi ya Linux, kupanga maneno kwa alfabeti. Glibc ikibadilisha kanuni za upangaji, kama ilivyofanya kwa kiasi kikubwa kwenye toleo la 2.28 la mwaka 2018, faharasa iliyojengwa kwa kanuni za zamani huonekana imevurugika mbele ya kanuni mpya. Mchakato uliokuwa hai tangu kabla ya kusasisha uliendelea kutumia maktaba ya zamani iliyokuwa kwenye RAM. Mlipozima na kuwasha, ukaingia kwenye mpya. Kuzima hakukuharibu kitu. Kuliondoa shuka tu.

Tumia kiendelezi cha amcheck ukague faharasa zote za maneno. Kama ni glibc, hutakuta moja pekee.

#25 Mzee Kebo

Sasa tuna mshtakiwa aliyeingia mwezi wa tano na kujificha hadi Jumapili. Uzi huu unazidi kunoga.

#26 Mwanafunzi Tengeru

Samahani wakubwa, mimi bado nasoma. Kwa nini mashine pepe zisisimamishwe tu, yaani hali yake yote ihifadhiwe, badala ya kuzimwa? Zingeendelea pale zilipoishia.

#27 Mangi wa Kiborloni

Mdogo wangu, karibu. Inawezekana, na kwa mashine ya majaribio si vibaya. Ila kila mashine itahitaji nafasi ya diski inayolingana na RAM yake, na zikiandika zote kwa pamoja hifadhi itahema. Zikiamka baada ya saa 18, kila moja inaamini bado ni Jumamosi usiku hadi saa yake irekebishwe, huku miunganisho yote iliyokuwa wazi imekwisha kukatwa upande wa pili. Halafu hali iliyohifadhiwa ikiharibika, umerudi kwenye kukatwa ghafla, kulekule ulikokuwa unakukimbia.

Ukija kukutana na klasta ambayo hifadhi yake imo ndani ya seva zenyewe, kama Ceph, ujue mpangilio unabadilika kabisa, maana ukizima seva umezima na kipande cha hifadhi. Kwa kawaida Ceph husubiri dakika 10 baada ya diski kupotea, kisha huitoa kundini na kuanza kunakili data upya kwingine. Kwa hiyo kwanza unazima mashine pepe zote, unathibitisha kundi ni zima, unapandisha bendera ya noout (inayozuia diski kutolewa kundini) na wenzake wa kuzuia uponyaji, ndipo unazima seva, zile zenye wasimamizi wa ramani ya kundi zikiwa za mwisho. Kuwasha, hizo ndizo za kwanza. Kushusha bendera usisahau. Mimi nilisahau wiki mbili, na diski ikafa ndani ya wiki hizo mbili.

#28 Dada wa Sakina

Turudi kwenye seva ya mafaili, maana hiyo hatujaigusa, na haielezwi na kitufe wala na glibc. Ilikaa dakika 20 ikiwa nzima, ndipo ikafunga kuandika. Linux yenye ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) hufanya hivyo inapopata makosa ya kusoma au kuandika wakati iko hai. Kwa hiyo kosa lake lilitokea Jumapili jioni, baada ya kuwasha. Nasi hapo mwanzo tulisikia kwamba seva ya pili haikuona diski moja. Mimi naona swichi.

Mlinzi, mtandao wa iSCSI umeuweka kwenye fremu kubwa (vifurushi vya data) za baiti 9000? Na swichi zako, mara ya mwisho kubadilishwa mipangilio, uliihifadhi, au ilibaki kwenye RAM tu?

#29 Mlinzi wa Raki

Fremu ni 9000 kuanzia mwaka jana. Nilizibadilisha mimi mwenyewe. Kuhusu kuhifadhi, nakumbuka kuhifadhi kwenye moja.

#30 Dada wa Sakina

Kwenye moja! Basi sikiliza. Swichi isiyohifadhiwa ikizimwa hurudi kwenye fremu za 1500. Seva na hifadhi bado zinaamini ni 9000. Salamu fupi za iSCSI zinapita, seva inaiona hifadhi, unafurahi. Zikija data nene, zinatupwa njiani bila taarifa. Njia moja ni nzima, nyingine ni mgonjwa anayeitika. Hapo diski huonekana na kupotea, na mashine huganda kwa vipindi.

Na kwa nini seva ya mafaili peke yake ndiyo iliyoanguka? Kwa sababu haina VMware Tools. Tools huweka subira ya diski ya Linux kuwa sekunde 180. Bila hizo ni sekunde 30. Wenzake walivumilia mgando, yeye akakata tamaa.

Jaribu kutoka kwenye kila seva kutuma pakiti ya baiti 8972 isiyoruhusiwa kukatwa vipande, kwa kila njia. Hizo 28 zinazobaki kufikia 9000 ni vichwa vya pakiti.

#31 Mlinzi wa Raki

Nimejaribu njia zote sita. Zinapita zote.

Nikafungua karatasi ya fundi wa Jumatatu tena. Mstari wa nne: «nimepitia swichi zote mbili, nimesawazisha mipangilio na kuihifadhi».

#32 Mzee Kebo

Fundi huyu apewe nishani au afungwe, moja kati ya hayo.

#33 Kaskazini Tek

Mimi bado nasema seva ya pili kutoiona diski ni kwa sababu iliwaka kabla hifadhi haijawa tayari. Hifadhi yenye vidhibiti viwili inaweza kuchukua dakika 10 au zaidi kujikagua, na taa za kijani huwaka mapema kuliko uhakika wenyewe. Seva ikifika mapema, haioni kitu, na lazima uiambie ikague upya. Nilikosea kwa HA, nakubali, lakini hili nimeliona kwa macho. Tena kwetu seva zilikuwa zimewekwa zijiwashe umeme ukirudi, kwa hiyo kila ukikatika zinaishinda hifadhi mbio.

#34 Bibi Seva

Hilo nalikubali bila kinyongo, Kaskazini. Kujiwasha umeme ukirudi kuondolewe. Kwanza umeme unaporudi hauji umetulia. Mimi hungoja robo saa kabla ya kugusa kitu.

Huku Moshi joto nalo lina neno lake. Betri za UPS za risasi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na chumba chetu kilikuwa na kiyoyozi kisichokuwa kwenye jenereta. UPS ilikuwa ikitangaza dakika 20. Siku ya siku ilitupa sita. Tangu hapo siamini namba iliyo kwenye kioo chake hadi niipime kwa mzigo.

#35 Pacha wa Meru

Ndiyo hasara ya kuishi kwenye tanuri, Bibi. Hamia Arusha. Mwezi wa saba hapa seva ndizo zinatupasha joto sisi.

#36 Bibi Seva

Na vumbi je? Feni zenu hukohoa kuliko wazee.

#37 Mtu wa Hyper-V (Usa River)

Nimechelewa kufika. Nauliza tu: DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) na Active Directory (orodha ya Microsoft ya watumiaji na kompyuta) ziko wapi? Kama zimo ndani ya klasta, seva zinazoitafuta hifadhi kwa jina badala ya anwani zitaamka zikiwa vipofu. Upande wa Microsoft, kabla ya Windows Server 2012 klasta haikuweza hata kuamka bila kupata kidhibiti cha domeni (seva ya Active Directory), nacho kikiwa ndani yake, unabaki umefungiwa nje na funguo ziko mezani ndani. Siku hizi klasta huamka, ila mimi bado naweka kidhibiti kimoja nje, kwenye mashine ya kawaida.

#38 Mlinzi wa Raki

Hifadhi inatafutwa kwa anwani, kwa hiyo hilo halituhusu. Lakini kuhusu funguo zilizo mezani ndani, niungame. Utaratibu wa kuwasha nilikuwa nimeuandika vizuri sana, kurasa saba pamoja na nywila, na nikauhifadhi kwenye seva ya mafaili.

#39 Mangi wa Kiborloni

Ile iliyozimwa?

#40 Mlinzi wa Raki

Ile iliyozimwa. Jumapili jioni niliwasha kwa kichwa.

#41 Dada wa Sakina

Kaka, hilo ulipaswa kulisema kwenye post ya kwanza. Umetuambia uliwasha kwa mpangilio wa kinyume. Kinyume cha kichwa, au kinyume cha karatasi?

#42 Mlinzi wa Raki

Nakiri kwamba swichi ya pili niliiwasha baada ya seva ya kwanza, kwa sababu niliisahau nyuma ya raki.

#43 Mzee Kebo

Tumefika arobaini na mbili. Moto uko njiani.

#44 Mlinzi wa Raki

Matokeo ya amcheck, Pacha. Kuna faharasa nne za maneno. Moja ndiyo ile mbovu, niliyokwisha ijenga upya. Nyingine tatu hazina kasoro.

#45 Pacha wa Meru

Tatu hizo zina maneno ya namna gani? Kama ni misimbo ya herufi kubwa na tarakimu tupu, kanuni mpya na za zamani huzipanga sawa, na hoja yangu bado inasimama. Zinazogombana ni zile zenye nafasi, vistari na alama, kama majina ya kampuni.

#46 Mlinzi wa Raki

Mbili ni misimbo. Ya tatu ni majina ya wafanyakazi.

#47 Bibi Seva

Majina yenye nafasi, na ni nzima. Mimi narudi kwenye kitufe changu.

#48 Pacha wa Meru

Majina ya wafanyakazi hayana vistari wala «& Sons», Bibi. Sijasalimu amri.

#49 Mlinzi wa Raki

Nawashukuru wote. Mkurugenzi ameniruhusu kurudia zoezi zima Jumamosi ya wiki ijayo, bila kukatiwa umeme, nikiwa na karatasi mkononi. Seva ya mafaili nimeipa Tools, kumbukumbu za seva sasa zinakwenda kwenye kompyuta ya nje, na fundi wa Jumatatu nimemwomba asije.

#50 Dada wa Sakina

Vizuri. Safari hii usitegemee saa za vifaa peke yake. Weka saa ya ukutani karibu na raki, na kila unapobonyeza kitufe piga picha inayoonyesha kitufe na saa pamoja, kisha utuletee.

#51 Mlinzi wa Raki

Saa ya ukutani ipo, Dada. Inachelewa dakika nne.